Kikundi cha kijamii, shirika lisilo la kiserikali au ushirika: kikundi chenu kijisajili kama nini nchini Uganda?

Kila Alhamisi alasiri, wanawake 27 wanaouza mahindi, maharagwe na dagaa karibu na mpaka wa Busia hukutana chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala la mmoja wao. Sanduku lao la bati lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe hutunzwa na mwanamke wa nne, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama hununua hisa kati ya moja na tano, hisa moja ikiwa shilingi 2,000, na kwa kila hisa mwekahazina humgongea muhuri wa nyota katika kitabu chake kidogo cha akiba. Anayechelewa hulipa faini ya shilingi 500, na hasamehewi mtu, hata mwenyekiti.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja aliyesoma aliwaambia kwamba wanajichelewesha bure, na kwamba wakijisajili kama shirika lisilo la kiserikali, NGO kama tunavyosema sote, wafadhili watakuja. Walinijia na jambo hilo kwa sababu nimekuwa nikivisaidia vikundi vya pande hizi kuandika katiba na kujaza fomu. Sikuwajibu siku ile. Niliwaomba wiki mbili, nikaandaa ulinganisho huu, kwa kuwa swali lao ni la vikundi vingi, kuanzia Busia na Malaba hadi Arua, na hata la ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale na Kyangwali, ambao wengi wao huendesha vikao vyao kwa Kiswahili.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wengine, na ibara ya 38 inampa kila Mganda haki ya kushiriki kwa amani katika kushawishi sera za serikali kupitia asasi za kiraia. Haki hiyo ni ya kikundi cha watu 15 kijijini sawasawa na shirika lenye ofisi Kampala, kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba bila jina la NGO ninyi si sehemu ya asasi za kiraia. Tofauti kubwa ninayoiona kati ya maumbo haya matatu ni nani mtakayemjibu. Kikundi cha kijamii hujibu zaidi kwa majirani zake. Ushirika hujibu kwa wanachama wenye hisa. Shirika lisilo la kiserikali, likishakua, hujibu kwa serikali upande mmoja na kwa mfadhili upande wa pili, na wale linaowahudumia mara nyingi huwa wa mwisho kuulizwa maoni yao. Nayasema haya bila chuki, kwa kuwa nimefanya kazi ndani ya mashirika hayo na ninajua yameokoa maisha ya watu wengi.

Kikundi cha kijamii

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inakieleza kikundi cha kijamii, ambacho ofisini mtasikia kikiitwa CBO, kuwa ni asasi inayofanya kazi katika ngazi ya gombolola (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya) au chini yake kwa ajili ya ustawi wa wanachama wake au wa jamii. Usajili wake haufiki Kampala, kwani huishia wilayani, kwenye kamati ya kusimamia mashirika, ambayo mwenyekiti wake ni afisa mtendaji mkuu wa wilaya na katibu wake ni afisa wa maendeleo ya jamii. Mtaandaa katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha, orodha ya wanachama yenye sahihi zao, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri. Barua hiyo msiidharau. Niliwahi kuongozana na kikundi kilichorudishwa mara tatu kwa sababu jina lililoandikwa na LC1 lilizidi herufi moja kuliko jina lililokuwa kwenye katiba, na kila mara wazee wale walilipa nauli ya bodaboda kutoka kijijini hadi makao ya wilaya.

Faida ya umbo hili ni ukaribu. Afisa anayesoma faili lenu anaweza kufika kwenye mkutano wenu kwa pikipiki, na mkigombana yupo mtu wa kuwasuluhisha anayezijua familia zenu. Cheti hicho pia hufungua milango ya mipango ya serikali inayopitia vikundi, kwa mfano UWEP, mpango wa kuwawezesha wanawake kiuchumi ulioanza katika mwaka wa fedha wa 2015/2016, ambao mikopo yake hutolewa kwa kikundi wala si kwa mtu mmoja mmoja.

Wanaodharau kikundi cha sanduku hawajui asili yake. Utaratibu huu wa kuweka akiba na kukopeshana kikundini ulianzishwa nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, likifanya kazi na wanawake wasiojua kusoma, na ulifika Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukubwa wa kikundi, watu 15 hadi 30 hivi, una sababu yake: ni wachache kiasi cha kujuana kwa majina ya watoto wao, na ni wengi kiasi cha kukusanya fedha ya maana. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja, kila kitu hugawanywa na hesabu huanza upya, kwa hiyo wizi hauwezi kufichwa miaka mitano kama ilivyotokea kwingine. Kikundi cha namna hii hakina mkaguzi wa hesabu aliyeidhinishwa, lakini fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya watu 27 ambao kila mmoja anakumbuka kiasi cha Alhamisi iliyopita. Sijaona ukaguzi mkali kuliko huo.

Upungufu wake nao ni wa kweli. Mipaka yenu ni gombolola. Mkitaka kufanya kazi katika wilaya mbili, umbo hili haliwatoshi. Wafadhili wakubwa hawatoi fedha nyingi kwa kikundi kisicho na hesabu zilizokaguliwa. Na lipo jambo la ardhi, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa: kwa kuwa kikundi hakijawa chombo chenye nafsi ya kisheria, kiwanja kilichonunuliwa kwa michango ya wote huandikwa kwa jina la mwenyekiti au la viongozi wawili watatu, na kiongozi akifariki watoto wake hukiingiza katika urithi wakiamini kwa dhati kwamba ni mali ya baba yao. Dawa yake ipo. Sheria ya Usajili wa Wadhamini inaruhusu wadhamini wa kikundi chenye malengo ya kijamii au ya hisani kusajiliwa kama chombo kimoja cha kisheria ili kumiliki ardhi kwa niaba ya wote. Mnaokusudia kununua kiwanja fanyeni hivyo kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Shirika lisilo la kiserikali

Hapa njia ni ndefu zaidi, na wengi huishia katikati wakidhani wamefika. Kwanza mnasajiliwa kama kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake hutoa ahadi ya dhamana tu, katika ofisi ya usajili ya taifa, URSB. Hati hiyo haitoshi. Pili mnaomba kusajiliwa na ofisi inayosimamia mashirika iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Tatu mnapewa kibali, ambacho muda wake hauzidi miaka 5 na lazima kihuishwe. Nne, kabla ya kufanya kazi yoyote katika wilaya, mnahitaji idhini ya kamati ya wilaya na ya serikali ya mtaa, pamoja na hati ya makubaliano iliyotiwa sahihi. Mkitaka kuvuka kutoka Busia kwenda Tororo, mnaanza tena na wenye mamlaka wa Tororo. Kisha kila mwaka mnawasilisha taarifa na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa, na wilaya na gombolola wanapelekewa bajeti, mpango kazi na maelezo ya fedha mlizopokea na zilikotoka. Mkaguzi hulipwa. Mhasibu hulipwa. Kwa kikundi ambacho akiba yake ya mwaka mzima hujaa sanduku moja la bati, gharama hizo zinaweza kuimeza akiba yenyewe.

Madai hayo si ya kwenye karatasi tu. Novemba 2019, baada ya zoezi la uhakiki, serikali ilitangaza kwamba mashirika zaidi ya 12,000 hayakuwa yametimiza masharti na hayakuruhusiwa kuendelea. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa, mengine kwa vibali vilivyokwisha muda, mengine kwa kutowasilisha taarifa za mwaka, mengine kwa kutosajiliwa kabisa. Mwaka 2024 Bunge lilirekebisha sheria, na ofisi ya usimamizi iliyokuwa chombo chenye bodi yake ikageuzwa kuwa idara ndani ya wizara. Sheria ya mwaka 2016 inakataza pia vitendo vinavyodhuru maslahi ya Uganda na heshima ya watu wake. Sina shida na lengo la maneno hayo, lakini ni mapana mno, na shirika dogo la wilayani lisilo na wakili haliwezi kujua mapema ni hotuba ipi au ripoti ipi itahesabiwa kuwa kosa. Mkichagua umbo hili, mjue mnaishi na mashaka hayo.

Kwa nini basi mtu alichague? Kwa sababu yako mambo ambayo hakuna umbo jingine linaloyaweza. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba na kikundi kidogo cha wenzake walioguswa na Ukimwi walianzisha TASO, wakati ambapo wagonjwa walikuwa wakifichwa nyumbani kwa aibu, na kutokana na vikao vyao vya kutiana moyo likakua shirika lililowahudumia watu wengi mno katika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2007, mpango wa kutoa hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa uliwekwa kando baada ya mashirika ya mazingira na wananchi kuupinga, na watu walipoteza maisha katika maandamano ya Aprili mwaka huo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa hospitalini. Mwaka 2011 shirika liitwalo CEHURD, linaloshughulikia afya na haki za binadamu, lilikwenda Mahakama ya Katiba pamoja na familia za akina mama wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali, mmoja Mityana na mwingine Arua. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kuisikiliza, ikisema hayo ni mambo ya kisiasa. Shirika halikuchoka. Lilikata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru kesi isikilizwe. Agosti 2020, miaka 9 baada ya kufunguliwa, hukumu ilitoka kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki za kikatiba. Jaribuni kufikiria kikundi cha sanduku, au ushirika wa kahawa, ukiwalipa mawakili na kutunza mafaili kwa miaka 9 kwa ajili ya akina mama ambao si wanachama wake. Kazi ya namna hiyo inahitaji shirika lenye watumishi, kumbukumbu na uvumilivu wa kitaasisi.

Lakini fedha za kazi hiyo hutoka wapi? Hapo ndipo udhaifu wa mashirika yetu ulipo. Mfuko wa kuunga mkono demokrasia na utawala bora ulioitwa DGF, uliowekwa na nchi za Ulaya mwaka 2011, ulisimamishwa na Rais Museveni mwaka 2021, ukaruhusiwa tena mwaka 2022 na kufungwa mwishoni mwa mwaka huo huo, na mashirika mengi ya haki yakabaki bila bajeti. Januari 2025 Marekani nayo ikasimamisha misaada yake ya nje. Wakati huo nilikuwa nikijitolea katika mradi mmoja wa afya uliotegemea fedha hizo. Barua pepe ilikuja jioni, na asubuhi tukaambiwa tusiguse pikipiki za mradi. Zilipangwa mstari mmoja nyuma ya ofisi, zikaota vumbi. Mama mmoja aliyekuwa akiletewa dawa alitembea kwa miguu hadi getini akauliza kama tumemkasirikia. Katika miaka yote ya mradi ule tulijaza ripoti za idadi ya mafunzo na idadi ya waliohudhuria, lakini hatukuwahi kukaa na mama yule na wenzake kupanga tutafanya nini fedha zikikoma. Lawama hiyo ni yetu, si ya mfadhili peke yake.

Ushirika

Ushirika ni umbo la watu wanaotaka kufanya biashara pamoja. Unasajiliwa na Msajili wa Vyama vya Ushirika, na chama cha msingi kinahitaji wanachama wasiopungua 30. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na ziada hugawanywa kwa wanachama baada ya kutengwa akiba ya chama. SACCO, ambao ni ushirika wa akiba na mikopo, huongezewa masharti ya sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha.

Wenyeji wa mashariki hawahitaji kufundishwa nguvu ya ushirika, kwa sababu Bugisu Cooperative Union ya Mbale, iliyoanzishwa mwaka 1954, imesomesha watoto wa wakulima wengi wa kahawa ya Mlima Elgon. Wala hawahitaji kufundishwa maumivu yake. Vyama vingi vilidhoofika baada ya biashara ya mazao kufunguliwa kwa wote, na mwaka 1999 Benki Kuu ya Uganda iliifunga Cooperative Bank. Wapo wazee ambao hata leo ukitaja neno ushirika hutikisa kichwa. Kilichorudisha neno hilo midomoni mwa watu ni mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka (ngazi ya utawala iliyo chini ya gombolola), PDM, uliozinduliwa Februari 2022 katika wilaya ya Kibuku, ambao huipa kila muluka shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, na kaya iliyo ndani ya kikundi cha uzalishaji inaweza kukopa hadi shilingi milioni 1. Ni fedha muhimu, ila kikundi kisichanganye SACCO iliyoundwa ili kupokea mfuko wa serikali na ushirika unaojengwa na wanachama kwa hisa zao wenyewe. Wa pili ndio hudumu mfuko ukikauka.

Ushirika haufai kwa kazi ya kuwasemea watu wasio wanachama, wala haufai kwa kutoa huduma za bure. Kiongozi anayetumia ziada ya wanachama kuwajengea wengine kisima, hata kama ana moyo mzuri, ataulizwa kwenye mkutano mkuu, na wanachama watakuwa na haki.

Mnachohitaji hasa

Vikundi vinapoketi kuchagua, huwa naviomba viache kwanza swali la wafadhili na kutaja tatizo lililowakutanisha. Kama tatizo ni karo, matibabu ya dharura na mtaji mdogo, hilo ni la kikundi cha kijamii, na sanduku linatosha. Kama tatizo ni bei, yaani mnauza gunia mmoja mmoja na dalali anawapangia, basi hilo ni la ushirika, na kulipeleka kwenye NGO ni kulikosea. Kama tatizo ni la watu wengi wasio wanachama wenu, linavuka wilaya, na ufumbuzi wake uko kwenye sera, mahakama au bajeti ya taifa, basi ubebeni mzigo wa shirika lisilo la kiserikali, lakini muwe na mtu anayejua hesabu na mtu anayejua sheria kabla ya kuomba kibali, na mjue fedha za miaka 2 ya kwanza zitatoka wapi.

Vikundi vya wakimbizi ninavishauri vianze na usajili wa wilaya. Ofisi za wilaya ziko karibu na kambi kuliko Kampala, na kiongozi wa kikundi akihamia nchi ya tatu ni rahisi zaidi kumbadilisha katika kikundi kidogo kuliko katika kampuni iliyosajiliwa kwa jina lake.

Jambo moja zaidi, maana ndilo huwapotosha wengi: kutaka sauti hakulazimu kuunda shirika lenu wenyewe. Wanawake wa Busia walikuwa wakilalamika kwamba mizigo yao hutozwa ushuru mpakani kama ya wafanyabiashara wakubwa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha, na walioutambulisha kwao ni watu wa shirika ambalo tayari lipo na lina kibali. Walichohitaji ni kualikana nalo, kulipatia majina ya waliodhulumiwa na tarehe, na kulidai lirudi kuwaeleza limefika wapi. Uhusiano wa namna hiyo, ambapo kikundi kina ushahidi na shirika lina mlango wa kuingilia ofisini, naona ndio kiini cha kazi ya asasi za kiraia katika nchi yetu.

Niliwasomea haya yote chini ya mwembe. Walijadiliana hadi giza likaingia, na mwekahazina ndiye aliyehesabu kwamba wao ni 27 na ushirika unahitaji 30. Wauza mahindi kati yao wanazungumza sasa na kikundi kingine cha Masafu ili mwakani waanzishe ushirika wa nafaka pamoja. NGO waliiacha kwa kura 24 dhidi ya 3. Sanduku litabaki kama lilivyo, na kikundi kinasajiliwa wilayani kama kikundi cha kijamii. Juzi nilikagua faili lao kabla halijapelekwa: jina limeandikwa kwa herufi zile zile kwenye katiba, kwenye kumbukumbu za mkutano na kwenye barua ya LC1.